Fundi Sumaku na Sauti ya Shangazi

Ukitaka kumpandisha hasira Fundi Sumaku, mwambie kwamba gitaa la umeme linalia kwa sababu ya umeme. Atakitua chuma cha lehemu, atavua miwani, na hapo umeyataka mwenyewe.

"Umeme?" atakuuliza. "Pasi yako ya nguo ina umeme. Mbona haiimbi?"

Kisha atakukalisha kwenye kigoda chake chenye mguu mmoja mfupi na kukueleza, upende usipende. Gitaa lina nyuzi za chuma. Chini ya nyuzi kuna pikapu, na kabla hujaanza kuwaza magari, pikapu ya gitaa ni kidude kirefu kidogo kuliko kibiriti: ndani sumaku, na juu ya sumaku waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, umezungushwa mara elfu kadhaa. Uzi ukitikisika, sumaku inashtuka. Sumaku ikishtuka, ndani ya waya kunapita kijiumeme hafifu ambacho hakiwezi kumwamsha hata mbu. Hicho ndicho kinachoingia kwenye amplifaya kikakuzwa, kikaisukuma spika, na spika ikakugonga wewe kifuani. Ukizidisha mizunguko ya waya, sauti inanenepa na kupoteza makali. Ukiipunguza, sauti inakonda na kung'aa. Pikapu ya upande wa shingo ya gitaa ina sauti ya mviringo, ya upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa, ina sauti ya kuchonga. Na amplifaya nazo zina tabia zao. Ipo inayomfichia mpigaji makosa yake yote, na ipo inayomwaga siri zake mbele za watu. Kazi ya fundi, atakwambia, ni kuwaoza hao wote na kuhakikisha hawaachani.

Mizunguko hiyo alikuwa akiizungusha kwa cherehani. Hapo ndipo ugomvi wa nyumba ile ulipoanzia, na kwa kuwa umedumu miaka thelathini na moja, lazima niueleze.

Mkewe, Mama Pacha, aliingia kwenye ndoa na cherehani ya mkono aliyopewa na mama yake mzazi. Mwezi wa tatu wa ndoa akaenda kwao kusalimia, siku mbili tu. Aliporudi aliikuta cherehani imeng'olewa sindano, imefungwa kwa bolti kwenye meza ya mume, na pale pa kuzungushia uzi pameketi pikapu inazunguka tiki-tiki-tiki, bwana amekodoa macho anahesabu. "Elfu tatu mia nne na sita," akasema, "usinisemeshe, nitapotea." Mama Pacha aliangua kilio, kisha akaangua maneno, kisha akanuna siku nne. Mume alimtafutia cherehani nyingine, ya miguu, yenye pedali pana ya chuma, nzuri kuliko ile. Thubutu! Mpaka leo mgeni hamalizi chai nyumbani kwao kabla hajasikia kisa cha cherehani ya mama.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vya kazi. Cha mbele, chenye mlango wa barabarani, kilikuwa cha Mama Pacha na vitambaa vyake. Cha nyuma kilikuwa cha fundi. Katikati lilining'inia pazia zito la buluu, lililofika mpaka sakafuni na kuburura kidogo. Hiyo ilikuwa amri ya Mama Pacha. Hakutaka wateja wake wanaokuja kupimwa magauni wachungulie waya, makopo na maspika yaliyotoboka tumbo. Mabinti zao pacha walikulia huku na huku mwa pazia hilo, mmoja akipenda vifungo, mwingine akipenda bisibisi, wakaolewa wote wawili mwezi mmoja, na nyumba ikabaki na sauti mbili: pedali ya mke na magitaa ya watu.

Na fundi alikuwa na sikio! Nasema alikuwa nalo, na nitafika huko. Mpiga gitaa alikuwa akipiga nyuzi mbili tu, mzee anamkatiza kwa mkono: "Pikapu yako ya shingo imekaa juu mno, ishushe unene wa kadi." Mita ya kupimia vifaa vya umeme alikuwa nayo, inaning'inia msumarini, imejaa vumbi. Ukimuuliza mbona haitumii, anajigusa sikio. "Mita yangu hii hapa. Haitaki betri."

Mambo yalianza kwenda mrama taratibu sana, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kutaja siku.

Mpiga gitaa wa kwaya alileta amplifaya iliyokuwa ikikoroma. Fundi aliondoa mkoromo, akapiga kidogo, akakunja uso. Trebo, yaani ile sauti ya juu inayong'aa, hakuisikia. "Trebo yako imekufa," akasema, akatoa kapasita ya trebo, kidude kisichozidi punje ya hindi, akakitupa kwenye kopo la maziwa alilokuwa akiweka vitu vilivyokufa, akatia kingine chenye nguvu zaidi. Wiki haikuisha, mtu wa kwaya akarudi. Alikuwa kijana wa adabu, akasimama mlangoni akipapasa kofia.

"Baba, samahani. Amplifaya inachoma."

"Inachoma nini?"

"Masikio, baba. Akina mama wa sauti ya kwanza wamekataa kusimama upande wangu."

"Masikio yenu yameharibiwa na hivyo viwaya mnavyochomeka humo mchana kutwa," fundi akafoka. "Sasa mkisikia trebo ya kweli mnalia kama mmemwagiwa pilipili. Nenda zako!"

Kijana akaenda zake, na hakurudi tena. Akafuata mwalimu mmoja aliyekuwa na bendi ya mwisho wa wiki, na pikapu yake ikawa hivyo hivyo: kali, nyembamba, inakata. Akafuata mwingine. Kila aliyeleta amplifaya, trebo yake ilikuwa "imekufa". Kopo la maziwa likawa linajaa.

Katikati ya hayo, asubuhi moja Mama Pacha alimwita kutoka upande wake wa pazia.

"Baba Pacha, cherehani yangu inalia kama panya aliyebanwa mkia. Njoo unitilie mafuta."

Fundi alikuja, akainamisha kichwa karibu kabisa na gurudumu. Mama Pacha akakanyaga pedali. Mumewe akasikiliza. Mama Pacha akakanyaga tena.

"Hailii," fundi akasema.

"Hailii?"

"Hailii, mama. Umechoka tu. Pumzika kidogo."

Mama Pacha alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Aliinuka, akachukua kikopo cha mafuta, akatia tone moja hapa na tone moja pale mpaka panya akanyamaza, akarudi kushona kola.

Basi, Jumatatu moja akaingia Solo.

Solo alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpiga solo wa bendi ya dansi, na jina hilo alikuwa akiitwa hata na mama yake. Gitaa lake nalo lilikuwa na jina: Shangazi. Miaka ishirini nyuma Fundi Sumaku alilitengenezea pikapu ya shingo kwa mikono yake, akaizungusha, akaipunguza, akaijaribu, wiki nzima, mpaka ikatoka sauti ambayo watu waliijua kabla hawajafika mlango wa ukumbi. Nene chini, laini katikati, na juu kabisa kitu kidogo kinachong'aa. Solo alisema linaongea kama shangazi yake, dada wa baba: kwa upole sana, lakini ukifika nyumbani unagundua umeshasemwa.

"Shangazi amekuwa bubu," Solo akasema, akilaza gitaa mezani. "Na Jumamosi tunarekodi."

"Mnarekodi?"

"Studio, fundi. Miaka ishirini na miwili tunapiga, hatujaacha hata alama moja mahali. Mpiga besi ana mgongo, mwimbaji ana sukari, mimi mwenyewe vidole hivi sijui vina miaka mingapi tena. Tumepata siku moja. Jumamosi."

Fundi alifungua gitaa, akashusha miwani. Waya wa pikapu ulikuwa umekatika ndani kabisa, karibu na sumaku. Hapo hakuna njia ya mkato. Waya wote unatolewa, unaanza upya.

"Nitamzungusha upya. Jumatano njoo umsikilize."

Solo alisita. Alikohoa, akatazama dari. "Fundi, wewe na mimi si wa jana. Nasikia watu wanasema..."

"Wanasema nini?"

"Kwamba kazi zako siku hizi zinachoma."

Lo! Fundi alisimama kigoda kikaanguka. Mishipa ya shingo ikamtoka. "Sikiliza, Solo, na upeleke salamu kwa hao watu. Shangazi akitoka humu na lawama, nafunga mlango huu. Chuma hiki natupa. Nakwenda kufuga kuku. Umesikia? Kuku!"

Upande wa pili wa pazia pedali ilisimama ghafla. Mama Pacha alimjua mumewe. Alikuwa na makosa mengi, lakini akishatamka neno mbele ya mtu halirudishi. Na mwanamume yule bila ile meza, bila ile harufu ya lehemu, angekaa wapi? Angekaa kibarazani anahesabu wapita njia mpaka awe mgonjwa. Aliogopa kweli kweli. Akapitisha kitambaa chini ya sindano, akaendelea kushona bila kuona anachoshona.

Idadi ya mizunguko ya Shangazi haikuandikwa popote. Siku zile fundi alidharau kuandika. Kwa hiyo Jumanne alizungusha kwa cherehani ya mkono, tiki-tiki-tiki, akapima kwa sikio lake, akaona sauti bado imefungwa, akapunguza waya. Bado. Akapunguza tena. Alipofika mizunguko elfu tano na kitu, moyo ukamtulia. Kwa masikio yake, Shangazi alikuwa amerudi, yule yule.

Jumatano Solo alikaa, akachomeka waya kwenye amplifaya ya karakana, akapiga ule mpito wake, kile kipande kifupi cha gitaa anachofungulia ukumbi. Alipiga hatua nne za wimbo. Kisha akazifunika nyuzi kwa kiganja.

"Fundi, huyu siye."

"Siye nani?"

"Shangazi hapigi kelele hivi. Huyu ni mtu aliyeibiwa kuku."

Ungedhani fundi angelipuka. Hakulipuka. Alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka kuzungukwa na wajinga. "Kaa hapo hapo," akasema. "Nitakuonyesha nani haoni na nani hasikii. Hii amplifaya nimeibadilisha trebo mwezi uliopita kwa sababu ya zamani ilikuwa imekufa. Imekufa kabisa! Umeizoea maiti, ndiyo maana mzima anakutisha. Nitakipima kile kidude cha zamani mbele ya macho yako."

Akashusha mita kutoka msumarini, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akatia betri. Akamimina kopo la maziwa mezani. Vidude kumi na kimoja vikatawanyika. Akakamata cha kwanza kwa ncha za mita, huku akimtazama Solo, si namba.

Solo ndiye aliyetazama namba. "Fundi," akasema taratibu, "inasema kizima."

Fundi aliinama. Kilikuwa kizima. Akachukua cha pili. Kizima. Cha tatu. Akageuza mita, akaigonga gonga, akajaribu betri nyingine. Cha nne kizima, cha tano kizima. Akaendelea mpaka cha kumi na moja, kwa sababu alikuwa fundi na fundi hapimi nusu. Hakukuwa na hata kimoja kilichokufa.

Amplifaya ilikuwa bado inawaka, na Solo aliisikia ikitoa ule mvumo wake mwembamba wa ssss. Alimtazama fundi, akaelewa kwamba mwenzake hausikii. Aliizima kwa upole, akasimama.

"Nitakuja kesho asubuhi," akasema.

Akatoka. Shangazi alimwacha pale pale mezani.

Fundi Sumaku alikaa kwenye kigoda akitazama vile vidude. Aliona aibu, aibu ya kumchoma mtu usoni akiwa peke yake. Akamkumbuka yule kijana wa kwaya na kofia yake. Akamkumbuka mwalimu. Kisha aibu ikatoka, ikaingia hofu, na hofu ilikuwa mbaya zaidi. Sauti za juu zilikuwa zimemwondokea moja baada ya nyingine, kimya kimya, bila kuaga. Miaka sitini na mitatu, na kitu pekee alichokuwa nacho ambacho watu wengine hawana kilikuwa kimekwenda. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Pazia likasogea. Mama Pacha aliingia na mto wake wa sindano ukiwa bado umefungwa kwenye kiganja.

"Umesikia," fundi akasema.

"Nimesikia."

"Ulijua?"

"Tangu cherehani yangu ilipolia ukasema hailii."

"Miezi yote hiyo! Ukanyamaza!"

"Ningekwambiaje, Baba Pacha? Ungesema ni masikio yangu."

Alitaka kubisha. Alifungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Ni kweli angesema hivyo, tena kwa sauti kubwa. Akajikuta anacheka huku pua inavuja, na mkewe akampa kipande cha kitambaa cha bitana ajifute.

"Sasa ni kuku," akasema.

"Kuku wako utawafugia wapi, kichwani mwangu? Umeapa Shangazi akitoka na lawama. Ametoka?"

Fundi alitazama meza. Shangazi alikuwa amelala pale, tumbo wazi.

"Hajatoka," akakubali.

"Basi acha kulia, zungusha. Nitakusikilizia mimi."

"Wewe? Wewe unajua nini kuhusu trebo?"

"Trebo siijui," Mama Pacha akajibu, mikono kiunoni. "Ila nimekaa nyuma ya pazia hili miaka thelathini na moja. Magitaa yote uliyotengeneza nimeyasikia huku nikishona. Siku ile ulipompata Shangazi mara ya kwanza nilijidunga kidole mpaka damu. Unadhani nilikuwa nawaza nini?"

Kabla ya jua kushuka fundi alirudisha ile kapasita ya zamani kwenye amplifaya ya karakana, akaanza kuzungusha upya, safari hii mingi, mpaka elfu nane na mia tano. Ukianza na mingi unaweza kupunguza kidogo kidogo ukisikiliza, na sauti inafunguka kama mtu anayevuliwa makoti.

Alhamisi asubuhi Solo alifika, na fundi akamwambia ukweli wote, wima, bila kuzunguka. Solo alimshika bega tu. Kazi ikaanza. Fundi alipunguza mizunguko hamsini, akalehemu, Solo akapiga, Mama Pacha akasikiliza. Na ugomvi ukaanza hapo hapo, maana walikuwa na masikio lakini hawakuwa na lugha.

"Bado nzito," Mama Pacha akasema. "Ni jinzi mpya hiyo, haijafuliwa."

"Jinzi ni nini? Besi imezidi, au katikati ndiko kumejaa?"

"Sijui katikati. Nakwambia haijafuliwa."

Akapunguza. "Sasa?"

"Sasa ni pamba, lakini haina pindo. Inachanika chanika ukingoni."

"Ukingo wa juu au wa chini?"

"Ukingo, bwana! Ukingo ni ukingo!"

"Solo, wewe wasemaje?"

Solo alikuna kichwa. Baada ya mara ya tano masikio yake mwenyewe yalikuwa yamechoka, kila sauti ikawa sawa na mwenzake. Saa nane mchana walikuwa wamekaa watatu, wamenuniana. Mama Pacha akainuka.

"Nina suruali za watu," akasema. "Endeleeni, mkinihitaji niiteni." Akapita pazia likarudi nyuma yake, likaburura sakafuni, na baada ya kitambo pedali ikaanza: du-du, du-du, du-du. Sauti nzito hiyo fundi aliisikia vizuri kabisa. Sauti za chini zilikuwa bado zake.

Alipunguza hamsini zaidi. Elfu nane na mia mbili. Wakati wa kurudisha kifuniko cha pikapu, skrubu ikamponyoka, ikadunda, ikakimbilia chini ya pazia. Skrubu ya aina ile huipati dukani. Fundi alipiga magoti, akainama, akainua pindo la pazia kwa kidole, na akiwa pale chini makalio juu, Solo, ambaye hakujua la kufanya na mikono yake, akapiga ule mpito.

Mbele ya macho ya fundi ulikuwepo mguu wa mkewe juu ya pedali, na mara ile mpito ulipoanza, mguu ulipunguza mwendo. Du-du. Du... du. Haukusimama, ulipunguza tu, kisha ukashika kasi tena.

Fundi alibaki pale pale. Skrubu aliiona, hakuiokota.

"Umeanguka?" Solo akauliza.

"Nyamaza. Hapana, usinyamaze. Subiri."

Aliinuka na vumbi magotini, akapunguza mia. Elfu nane na mia moja. "Piga," akamwambia Solo, akapiga magoti tena. Mguu ulikwenda polepole zaidi, kama wa mtu anayetafuta neno. Akapunguza mia. Polepole zaidi bado. Akapunguza hamsini. Elfu saba, mia tisa na hamsini.

"Piga."

Solo akapiga, na mguu ukasimama.

Ulisimama kisigino juu, vidole kwenye chuma, haukuikanyaga tena pedali mpaka mpito ulipokwisha. Kwa juu fundi hakumwona mkewe, lakini alijua: mkono umeshika kitambaa, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Ili kuhakikisha, maana fundi hapimi nusu, alipunguza hamsini nyingine. Solo akapiga. Mguu uliendelea kushona bila habari. Akairudisha ile hamsini. Mguu ukasimama.

Na hapo chini sakafuni Fundi Sumaku akakumbuka. Miaka yote ile, kila alipopata sauti, kulikuwa na utulivu fulani ulioingia chumbani. Alikuwa akiungoja. Ukifika, anasema "hapo!" na kujigusa sikio. Kumbe ule utulivu ulikuwa pedali inasimama upande wa pili! Nusu ya sikio lake maarufu, pengine zaidi ya nusu, lilikuwa mguu wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyang'anya cherehani. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kucheka. Moyo ulimjaa mpaka akashika sakafu.

"Hapo," akasema.

Solo alipiga tena, mpito mzima mara hii, na uso wake ukafunguka. "Huyu ndiye," akasema kwa sauti ndogo. "Fundi, huyu ndiye Shangazi! Umemsikiaje?"

"Nimemsikia," fundi akajibu, akaokota skrubu yake.

Jumamosi bendi ilirekodi. Ijumaa, siku moja kabla, fundi alikuwa ameweka vile vidude kumi vilivyobaki mfukoni na kwenda kwa miguu mpaka kwa yule kijana wa kwaya. Alimkuta anafagia. Safari hii fundi ndiye aliyevua kofia. "Yaliyoharibika ni masikio yangu, mwanangu, si yako. Lete amplifaya." Akafika kwa mwalimu, akafika kwa wengine, akasema maneno hayo hayo, na kila alipoyasema yalizidi kuwa mepesi mdomoni.

Jumatatu mlango ukafunguliwa. Shangazi hakurudi. Aliyerudi ni Solo, amebeba amplifaya ya mpiga besi kwa mikono miwili, anahema.

"Kuku vipi?" akauliza.

"Wamekufa wote," fundi akasema. "Weka hapo."

Solo alipoondoka, fundi alivuta pazia, akasimama mbele ya meza ya mkewe huku akijikunakuna.

"Mama Pacha, hili pazia ni refu. Likate kidogo. Shubiri moja tu kutoka chini."

Mama Pacha aliinua kichwa kama aliyesikia tusi. "Pazia langu? Wateja waone uchafu wako? Kwa sababu gani?"

"Hewa. Nakosa hewa kule nyuma."

"Hewa gani hiyo inayotembea sakafuni?"

Fundi alitazama dari. Ukweli ulikuwa umemjaa mdomoni. Lakini alijua, siku atakapomwambia, mguu ule utaanza kujitazama, na hautakuwa tena na maana. Yeye mkewe alikuwa amemfichia lake miezi mingi kwa kumhurumia. Basi naye angekaa na lake.

"Kata tu, mama. Miaka thelathini na moja nimekuomba nini?"

"Cherehani," Mama Pacha akasema. "Nayo hukuiomba."

Hata hivyo alilishusha pazia. Alipima shubiri, akakata, akakunja pindo, akapitisha chini ya sindano. Fundi alirudi nyuma, akachomeka amplifaya ya mpiga besi, akagusa uzi mmoja wa gitaa, akasikiliza pedali.